Samba kama seva ya mafaili ya ofisi ndogo: tathmini kwa upande wa ruhusa

Samba ni programu huria inayoiwezesha kompyuta ya Linux kugawa mafaili na printa kwa kompyuta za Windows zilizo kwenye mtandao mmoja, na ndiyo ninayoiweka mara nyingi katika ofisi ndogo ninazozihudumia, yaani ofisi za wahasibu, za mawakili na za shule. Tathmini hii inahusu upande mmoja tu wa programu hiyo, ule unaozaa malalamiko mengi kuliko mwingine wowote: ruhusa za mafaili. Kasi yake inaridhisha, uimara wake sina shaka nao, na haina ada ya leseni. Swali linalobaki kwa anayefikiria kuitumia ni kama ataweza kujua, siku mfanyakazi atakapoambiwa na Windows kwamba hana ruhusa ya kuhifadhi faili alilolihifadhi jana bila shida, ni sehemu gani ya mfumo iliyomnyima ruhusa hiyo na kwa sababu gani. Jibu langu ni kwamba ataweza, na ataweza kwa uhakika, lakini Samba haitamrahisishia kazi hiyo kwa kumweleza yenyewe.

Chimbuko la programu linasaidia kuelewa tabia zake. Andrew Tridgell aliianza huko Canberra, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na toleo la kwanza likatoka mwanzoni mwa mwaka 1992. Itifaki ya kugawana mafaili, yaani kanuni za mawasiliano kati ya kompyuta, aliijua kwa kuchunguza pakiti zilizokuwa zikipita kwenye mtandao, na kwa miaka mingi wenzake walioungana naye waliendelea na njia hiyo hiyo, hadi Desemba 2007, ambapo kufuatia kesi ya ushindani katika Umoja wa Ulaya, Microsoft ilikubali kutoa hati za itifaki zake kwa malipo ya mara moja ya yuro 10,000. Toleo la 4.0 lililotoka Desemba 2012 likaongeza uwezo wa Samba kusimama kama kidhibiti kamili cha domeni, yaani seva inayosimamia akaunti za watumiaji na kompyuta zote za mtandao mmoja wa Windows. Kwa hiyo kinachotathminiwa hapa ni mkalimani kati ya mifumo miwili ambayo haikubuniwa ili ikutane. Upande mmoja ni Linux, ambako kila faili lina mmiliki mmoja, kikundi kimoja na watu wengine wote, na kila mmoja kati ya hao watatu ana haki ya kusoma, kuandika au kutekeleza. Upande wa pili ni Windows, ambako faili moja linaweza kuwa na orodha ndefu ya watu na vikundi, kila mmoja na haki zake, nyingine zikiwa zimerithiwa kutoka kwenye folda iliyo juu. Karibu kila tatizo la ruhusa nililowahi kuitiwa lilitokea mahali tafsiri hiyo inapofanyika.

Jambo la kwanza ambalo mnunuzi, au tuseme mtumiaji, lazima alielewe ni kwamba Samba ina matabaka mawili ya ruhusa na kwamba lililo kali zaidi ndilo linaloshinda. Tabaka la kwanza ni la folda ya pamoja yenyewe, linaloandikwa katika smb.conf, faili la mipangilio ya Samba, kwa maelekezo kama valid users (wanaoruhusiwa kuingia), read only (kusoma tu) na write list (wanaoruhusiwa kuandika). Tabaka la pili ni la diski: mmiliki, kikundi na haki zilizowekwa kwenye folda na mafaili. Ni kama nyumba yenye geti na vyumba. Mlinzi akikuruhusu getini bado unahitaji ufunguo wa chumba, na ufunguo wa chumba haukusaidii kama mlinzi amekuzuia nje. Fundi anayebadilisha haki za diski kutwa nzima huku smb.conf inasema read only = yes hatafika popote, na ni vyema kujua kwamba hiyo ndiyo chaguomsingi: folda ya pamoja isiyosema lolote kuhusu kuandika huwa ya kusoma tu. Kwa usalama, uamuzi huo naukubali kabisa. Programu inayofunga kwanza na kumwachia msimamizi afungue kwa makusudi ni bora kuliko inayofungua kwanza.

Lalamiko langu la kwanza dhidi ya Samba liko hapa. Ujumbe anaouona mtumiaji wa Windows ni uleule, iwe amezuiwa na tabaka la kwanza au la pili. Lakini kifaa cha kutofautisha kimo ndani ya mradi wenyewe, nacho ni smbclient (amri ya kuungana na folda ya pamoja kama mtumiaji afanyavyo), ambacho nakihesabu kuwa sehemu bora kabisa ya Samba kwa mtu anayetafuta chanzo cha tatizo. Ukiwa kwenye seva yenyewe, andika smbclient //localhost/uhasibu -U karani, weka nenosiri la karani, kisha usome jibu kwa makini. Likiwa NT_STATUS_LOGON_FAILURE, suala si ruhusa hata kidogo. Jina au nenosiri halikubaliki, na mara nyingi sababu ni kwamba akaunti imefunguliwa kwenye Linux lakini haijaongezwa kwenye hazina ya Samba kwa smbpasswd -a, kwa kuwa Samba ina hazina yake ya manenosiri. Likiwa tree connect failed: NT_STATUS_ACCESS_DENIED, karani amekataliwa kwenye tabaka la kwanza, na dawa iko kwenye smb.conf. Ikiwa ameingia vizuri lakini amri ya put, ya kupakia faili, inarudisha NT_STATUS_ACCESS_DENIED opening remote file, basi ameshapita geti na kinachomzuia ni read only au haki za diski. Tofauti hiyo ndogo ya maneno inaokoa saa nyingi za kubahatisha.

Baada ya hapo hupima tabaka la pili peke yake, bila Samba kuhusika, kwa kuiamuru Linux ijaribu kuandika kwa niaba ya mtu huyo: sudo -u karani touch /srv/ofisi/uhasibu/jaribio. Linux ikikataa, hakuna haja ya kuigusa smb.conf. Ikikubali wakati Samba inakataa, tatizo liko smb.conf, au, kwenye seva za familia ya Fedora na Rocky, liko kwa SELinux (ulinzi wa ziada ndani ya Linux), ambayo huizuia Samba kugusa folda isiyo na lebo ya samba_share_t hata kama haki nyingine zote zimekamilika. Amri ya semanage fcontext ikifuatiwa na restorecon hulimaliza hilo. Kuzima SELinux kwa sababu ya lebo moja ni jambo nisiloweza kulipendekeza kwa mtu yeyote.

Sasa nije kwenye tatizo ambalo linawachosha watu kuliko yote, yaani faili lililofanya kazi jana na leo linakataa. Picha yake ni hii. Folda ya uhasibu inatumiwa na watu kadhaa. Mhasibu analalamika kwamba faili la bajeti linafunguka kwa kusoma tu. Fundi anaingia kwenye seva, anaandika ls -l na kuona mstari huu:

-rwxr--r-- 1 karani karani bajeti.docx

Mstari huo unasema kwamba mmiliki ni karani, kikundi ni kikundi binafsi cha karani, na watu wengine wote, mhasibu akiwa mmoja wao, wanaweza kusoma tu. Fundi anabadilisha kikundi kuwa uhasibu, anaongeza haki ya kuandika, mhasibu anashukuru, na kazi inaendelea. Karani anapolifungua tena na kulihifadhi, tatizo linarudi vilevile. Wakati huohuo mafaili mengine ya maandishi matupu, yanayohaririwa kwa Notepad, hayana shida hiyo, na hapo ndipo watu huanza kusema kwamba seva ina mapepo.

Seva haina lolote. Microsoft Word haiandiki juu ya faili la zamani. Inapohifadhi, inaunda faili jipya lenye jina la muda, inaandika humo hati yote, inafuta faili la awali, kisha inalipa faili jipya jina la lile lililofutwa. Kwa macho ya mtumiaji ni faili lilelile. Kwa macho ya Linux ni faili lililozaliwa sasa hivi, na mmiliki wake ni aliyelihifadhi mwisho. Haki zote ambazo fundi alizirekebisha kwa mkono zimefutwa pamoja na faili la awali, na faili jipya linapewa haki kwa mujibu wa chaguomsingi za Samba, ambapo create mask ni 0744 na directory mask ni 0755, kumaanisha kwamba mmiliki pekee ndiye anayeweza kuandika. Notepad huandika ndani ya faili lilelile, kwa hiyo mmiliki na haki havibadiliki. Hati za Samba zenyewe zinakieleza kisa hiki cha Word waziwazi na kukiri kwamba seva haina njia ya kujua kuwa faili jipya lilikusudiwa kurithi nafasi ya lile la zamani. Ukiri huo naupenda, kwani unamwelekeza fundi mahali pa kurekebisha: haki za faili lililopo leo ni za kupita, na kinachopaswa kuwekwa sawa ni kanuni ambayo mafaili yajayo yatazaliwa nayo.

Kanuni hiyo huandikwa hivi, na baada ya kujaribu namna nyingine nyingi nimebaki na hii:

[uhasibu]
path = /srv/ofisi/uhasibu
valid users = @uhasibu
read only = no
force group = +uhasibu
create mask = 0660
force create mode = 0660
directory mask = 2770
force directory mode = 2770

Maelekezo ya mask ni kichujio: huondoa haki zisizotajwa humo. Yale ya force ni nyongeza: huweka haki zilizotajwa hata kama kompyuta ya mtumiaji haikuziomba. Yakitumika pamoja, kila faili jipya linazaliwa likiwa linasomeka na kuandikika kwa mmiliki na kikundi, na watu wengine hawana lolote. Tarakimu 2 iliyo mbele ya 770 ni alama ya setgid, inayoifanya folda irithishe kikundi chake kwa kila kinachoundwa ndani yake, na lazima iwekwe pia kwenye folda mama kwa chgrp uhasibu (amri ya kubadilisha kikundi) na chmod 2770 (amri ya kubadilisha haki), ili hata mtu anayeunda faili akiwa ndani ya seva bila kupitia Samba asivunje utaratibu. Ile alama ya kujumlisha mbele ya jina la kikundi katika force group ni ndogo lakini nzito. Bila hiyo, kila anayeingia kwenye folda hiyo anageuzwa kuwa mwanachama wa uhasibu kwa muda wa kazi yake humo, hata kama hayumo kikundini; siku mtu wa idara nyingine akiongezwa kwenye valid users ili aone hati moja tu, atakuwa na uwezo wa kuandika juu ya hati zote. Alama ya kujumlisha inawahusisha tu wale ambao tayari wamo. Sijaona fundi mwingine akiisisitiza vya kutosha, nami naisisitiza hapa.

Mafaili yaliyokwisha kuharibika hayatajirekebisha kwa kubadilisha smb.conf peke yake. Yanahitaji kusafishwa mara moja, folda zikitenganishwa na mafaili: find /srv/ofisi/uhasibu -type d -exec chmod 2770 {} + kwa folda, na find /srv/ofisi/uhasibu -type f -exec chmod 0660 {} + kwa mafaili, baada ya chgrp -R. Chelezo itangulie.

Nimeandika njia hiyo kwa urefu kwa sababu njia mbadala inayotumika mitaani ni chmod -R 777, na inaniuma kuikuta. Amri hiyo inanyamazisha malalamiko ya siku hiyo kwa kumpa kila akaunti iliyo kwenye seva haki ya kusoma, kuandika na kufuta kila kitu, orodha ya mishahara ikiwemo, faili la mteja wa wakili likiwemo, matokeo ya wanafunzi yakiwemo. Wala haitatui tatizo, kwa kuwa hati itakayohifadhiwa na Word baada ya hapo itazaliwa tena na 0744. Kwa upande wa sheria, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Zote mbili zinamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde dhidi ya wasiohusika. Mwenye ofisi ambaye fundi wake amemwachia 777 amebeba wajibu ambao pengine hata hajui kama upo.

Ofisi nyingi zinatosheka na mmiliki, kikundi na wengine. Matatizo huanza pale vikundi viwili vinapohitaji haki tofauti kwenye folda moja, kwa mfano wahasibu wanaoandika na wakaguzi wanaopaswa kusoma tu. Hapo Linux inatoa orodha za ziada za ruhusa, na Samba inaziheshimu vizuri. Amri ya setfacl -R -m g:wakaguzi:rX huwapa wakaguzi haki ya kusoma vilivyopo, na ileile ikiongezwa alama ya -d huweka kanuni ya vitakavyokuja. Bila hatua ya pili, wakaguzi wataona hati za zamani na kukosa mpya. Itabidi wakaguzi waongezwe pia kwenye valid users, ama sivyo watazuiwa getini. Mtego wa orodha hizi ni kwamba zina kikomo chao, ambacho Linux inakiweka mahali palepale pa haki za kikundi. Fundi akija baadaye na kuandika chmod 640 kwenye faili lenye orodha kama hiyo, anadhani anakibana kikundi cha uhasibu, kumbe anakishusha kikomo cha orodha nzima. Haki zinabaki zimeandikwa vilevile, ila hazifanyi kazi. Anayetumia getfacl, amri ya kuonyesha orodha hizo, ataona mstari kama huu:

group:meneja:rwx   #effective:r--

Mstari huo ukionekana, hakuna haja ya kutafuta zaidi. Meneja amepewa haki ya kuandika kwenye karatasi, lakini kwa vitendo anasoma tu, na setfacl -m m::rwx inamrudishia. Ningependa Samba iutaje mgongano wa namna hii kwenye logi yake kwa maneno yanayoeleweka. Haifanyi hivyo.

Kuna pia njia ya tatu, ambapo Samba inahifadhi ruhusa za mtindo wa Windows kama zilivyo kupitia moduli ya acl_xattr, na msimamizi anazipanga akiwa kwenye Windows, katika kichupo cha usalama cha folda. Kwa ofisi yenye domeni, njia hiyo ni nzuri na inawapendeza waliozoea Windows Server. Sharti lake ni kwamba aliyeichagua asirudi tena kutumia chmod kwenye mafaili hayo, kwani Samba hulinganisha ruhusa za Windows ilizozihifadhi na zile zilizo kwenye diski, na ikikuta zile za diski zimeguswa pembeni, huziacha ilizozihifadhi na kujenga nyingine kutokana na za diski. Mseto wa njia hizi mbili ndio uliokuwa nyuma ya baadhi ya seva ngumu zaidi nilizowahi kukabidhiwa. Ofisi ichague moja na kuiandika mahali.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mtu aliyeongezwa kwenye kikundi leo hatapata haki zake mpaka atoke kwenye akaunti yake ya Windows na kuingia tena, kwa sababu orodha ya vikundi vyake ilisomwa alipoungana na seva. Fundi anayesahau hili huendelea kubadilisha mambo yaliyokuwa tayari sahihi. Anayemwongeza mtu kikundini atumie usermod -aG, na asiiache ile herufi a, kwani bila hiyo mtu huyo anaondolewa kwenye vikundi vyake vingine vyote vya ziada. Windows nayo hairuhusu kompyuta moja kuungana na seva ileile kwa majina mawili tofauti kwa wakati mmoja, kwa hiyo anayejaribu folda kwa akaunti ya pili anaweza kukataliwa kwa sababu ya akaunti ya kwanza. Net use huonyesha miunganiko iliyopo na net use * /delete huikata. Folda za juu zote kwenye njia lazima zimpe mtumiaji haki ya kupita, na namei -l /srv/ofisi/uhasibu inazionyesha moja baada ya nyingine. Faili lililofunguliwa na mwenzako si faili ulilonyimwa: smbstatus itaonyesha limeshikwa na nani. Mafaili yanayohamishwa kutoka folda moja kwenda nyingine kwenye diski ileile huhama na haki zake za zamani, ilhali yanayonakiliwa huzaliwa upya kwa kanuni za folda mpya, na ndiyo sababu hati iliyotolewa folda ya mkurugenzi kwa kuburutwa haisomeki na walengwa wake.

Kuhusu kufuta, ni haki wenye ofisi wajue mapema kwamba kwa Linux haki ya kufuta faili inatokana na folda lilimo, na kwamba kilichofutwa kupitia mtandao hakiendi kwenye pipa la taka la Windows. Samba ina moduli ya recycle inayohamishia vilivyofutwa kwenye folda maalumu ndani ya seva. Kwa maoni yangu hakuna seva ya ofisi inayopaswa kukabidhiwa bila moduli hiyo kuwashwa.

Nikiilinganisha na Windows Server, ambayo ndiyo mshindani wake katika ofisi nyingi, sioni kwamba huko matatizo haya hayapo. Windows Server nayo ina ruhusa za folda ya pamoja na ruhusa za diski, na huko pia kali zaidi inashinda. Inachokizidi Samba ni uwazi: kuna kichupo kinachomwonyesha msimamizi haki halisi alizonazo mtu fulani kwenye faili fulani baada ya kila kitu kujumlishwa, na kitu cha aina hiyo Samba haina. Upande wa pili wa mizani ni gharama, kwa kuwa Windows Server inadai leseni ya seva na leseni za watumiaji au vifaa vinavyoungana nayo. Samba nayo ina faida ambayo wengi hawaihesabu: mipangilio yake yote ya folda imo kwenye faili moja la maandishi linaloweza kusomwa, kunakiliwa, kulinganishwa na la mwaka jana na kukaguliwa kwa testparm, ambayo hutaja maelekezo yasiyojulikana kabla hayajaleta madhara. Ninapopokea seva iliyowekwa na fundi mwingine, dakika chache za kusoma testparm -s hunipa picha ambayo kwenye Windows ningeitafuta dirisha baada ya dirisha.

Jambo moja la wakati huu limewafanya watu wengi wailaumu Samba bila haki. Folda za pamoja zinazofunguliwa na mgeni bila nenosiri, zilizozoeleka sana katika ofisi ndogo, zinakataliwa na Windows yenyewe katika matoleo mapya: Windows 11 toleo la 24H2, kwa ile ya Pro, haimruhusu tena mgeni na inadai kila mazungumzo na seva yatiwe saini. Samba kwa upande wake ilizima itifaki ya zamani ya SMB1 kama chaguomsingi kuanzia toleo la 4.11 la mwaka 2019, kwa hiyo mashine za zamani za kunakili na kuskani zisizojua itifaki mpya huacha kutuma hati siku seva inaposasishwa. Kishawishi ni kuirudisha SMB1 kwa ajili ya skana moja. Ni afadhali skana hiyo ipelekewe njia nyingine, kama barua pepe au FTP ya ndani kuelekea folda iliyotengwa, kuliko kuifungulia ofisi nzima itifaki iliyopitwa na wakati.

Ofisi yenye mtu anayeweza kusoma amri za Linux bila woga, au yenye mkataba na fundi anayefika anapoitwa, nitaishauri itumie Samba bila kusita. Ofisi isiyo na mtu wa namna hiyo ni bora inunue kifaa cha kuhifadhia mafaili chenye ukurasa wa kupangia watumiaji, kama vile vya Synology, ambavyo kwa ndani navyo vinatumia Samba hiyohiyo lakini vinampa msimamizi asiye fundi mahali pa kubofya. Atakayemwajiri fundi wa kuweka Samba amdai mambo mawili kwa maandishi kabla ya kumlipa: orodha ya vikundi pamoja na majina ya waliomo na folda wanazozifikia, na majaribio yaliyofanywa mbele yake kwa Word, ambapo mtu mmoja anahifadhi hati, mwingine anaifungua na kuihifadhi tena, kisha wa kwanza anarudia. Majaribio hayo yafanywe kwa akaunti za wafanyakazi wenyewe, kwenye kompyuta wanazozitumia kila siku, wala si kwa akaunti ya fundi, ambayo kwa kawaida ina haki zote na haiwezi kuonyesha kasoro yoyote.